Kimya cha Katikati

Enzi zao, bendi ya kina Shomvi ilizomewa: "Chapueni, hatujaja matangani!" Bendi ikafa na upole wa nyimbo zake. Leo vijana wamemwalika Shomvi, mpiga dramu, pekee aliyebaki hai katika bendi ile, asikie wakiupiga wimbo wake wa zamani. Katikati ya wimbo walinyamaza kwa muda mrefu, na ukumbi mzima ukafuta machozi.

"Umeona, mzee? Hata kile kimya tumekiiga. Mlikitunga vipi?"

Hakikutungwa. Hapo ndipo Mwanaidi, mwimbaji wa bendi, alipokohoa damu wakirekodi, na fundi mitambo akaifuta sauti ile kwenye kanda.

"Kilijitunga chenyewe," Shomvi akajibu.

"Basi panda, mzee wetu, turudie nawe!"

Walipofika pale katikati ya wimbo, vijana walinyamaza. Shomvi akainua vijiti vyake juu, akamsubiri Mwanaidi amalize kukohoa.