Ubeti wa Tatu

Mama alichomoa waya wa spika ukutani kwa mara ya tatu siku hiyo. Gitaa likakatika sauti katikati ya wimbo.

"Mama jamani!"

"Nimesema huo usiupige humu ndani. Piga mwingine. Nyimbo zimekwisha duniani?"

Kijana wake, ambaye wenzake wa bendi walimwita Waya, aliweka gitaa chini. Bendi yao ya roki ilikuwa inarekodi albamu ya nyimbo nane za migomo na maandamano ya zamani, zile walizoimba wazazi wao, wakizitia magitaa na ngoma za kupasua masikio. Saba zilikuwa tayari. Wa nane ulikuwa wimbo wa kiwanda cha mashati, na huo haukuandikwa popote. Ulikuwa vichwani mwa watu wachache waliobaki hai, na mmoja wao alikuwa Mama.

Baba yake Waya alikufa katika mgomo ule, Waya akiwa bado tumboni. Wafanyakazi walijifungia kiwandani siku tisa, lango wamelifunga kwa kamba nene waliyoisuka kwa vitambaa. Siku ya kumi askari wakaingia. Watu kumi na mmoja walitolewa wamebebwa. Baba alibaki picha ukutani, juu ya cherehani ya Mama.

"Sauti yake ninaijua, nipe maneno tu, Mama. Sikusumbui tena."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi lisivunjike la kulia, ndilo la kukanyagia pedali ya gitaa."

Mama hakucheka. Alishika mkasi kwa mkono wake wa kushoto, akakata kitambaa bila chaki, moja kwa moja, kama anayekata maji. Mtaa mzima hapakuwa na fundi wa kukata hivyo. Lakini mgeni akipiga hodi tu, mkasi ulihamia kulia, na kitambaa kikaanza kwenda upogo. Utotoni Waya aliwahi kumuuliza kwa nini. "Wateja hawapendi nguo iliyokatwa kwa kushoto," alijibiwa, na yakaisha.

"Watakuja," Mama akasema.

"Nani? Polisi? Hakuna anayekamatwa siku hizi kwa wimbo wa miaka ishirini na tano."

"Nilimpoteza baba yako kwa wimbo huo. Na wewe nitakupoteza kwa huohuo."

Waya akamkumbatia mabegani. Aliona ni uoga wa kina mama, ule usioisha hata mtoto akiota ndevu.

Lakini mtoto uliyemlea peke yako hujui kumnyima. Siku ya nne Mama alifumba macho, akaimba kwa sauti ndogo, kama anayembembeleza mtoto wa mtu:

*Lango tumelifungia, kwa kamba ya vitambaa,*
*Tutalala humu ndani, hata tukifa kwa njaa.*

Na wa pili:

*Kamba ilipokatika, askari wakaingia,*
*Kumi na mmoja wetu, jua likawazamia.*

"Umeishia hapo?"

"Umeishia hapo," Mama akadakia, kabla swali halijafika chini.

Waya akarekodi gitaa lake na sauti, akaenda zake. Kumbe mpiga ngoma wao, Kishindo, hakuridhika. Mgomo wa siku tisa uwe na beti mbili tu? Akauliza huku, akauliza kule, mpaka akamkuta mzee mmoja katika nyumba ya kulelea wazee, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda kile. Akamrekodi akiwa kitandani, akaiunga sauti yake mwishoni mwa wimbo. Hakumwambia Waya. Alitaka iwe zawadi, yeye na mama yake waisikie pamoja.

Alasiri moja, Waya akiwa nyumbani na Mama, Kishindo akabisha hodi na albamu mkononi. Mkasi wa Mama ukahamia kulia.

"Mama yetu, shikamoo! Leo utacheza roki upende usipende. Tangu asubuhi redio mbili zinaupiga wimbo wa kwenu. Nakala elfu moja zimeshaingia madukani."

"Haziwezi kurudishwa?"

"Zirudi wapi, Mama? Maji yakimwagika hayazoleki."

Akaiweka. Gitaa la Waya likalia, ngoma zikafuata, madirisha yakatetemeka. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Waya akajua umefika mwisho, akanyoosha mkono kuuzima.

"Acha," Kishindo akamzuia. "Sikiliza zawadi yenu."

Vyombo vyote vikanyamaza. Kikasikika kikohozi, kisha sauti ya mzee, kavu kama karatasi:

*Kamba haikukatika, ilikatwa kwa mkasi,*
*Na Mashoto mwenzi wetu, aliyekula na sisi.*

"Mnaona!" Kishindo akapiga goti lake. "Miaka yote mnaambiwa kamba ilikatika! Mzee anasema huyo Mashoto alikuwa mkataji hapohapo kiwandani. Askari walimwahidi mume wake hataguswa, ndipo akawafungulia. Baada ya hapo hakuonekana tena. Mzee anaomba kitu kimoja tu, huyo mtu awe hai, asikie anavyoimbwa."

Mama alikuwa bado anakata, na kitambaa kilikuwa kimekwenda upogo mpaka ukingoni.

"Laana imshukie huko aliko," Kishindo akasema. "Au siyo, Mama?"

Mkasi ukamponyoka Mama, ukaanguka sakafuni.

Waya akainama, akauokota. Akaitazama picha ya baba yake juu ya cherehani. Kisha, mbele ya mgeni, akauweka mkasi katika mkono wa Mama wa kushoto.