Diwani Asiyekosa Msiba

Wanyama walimchagua Kiboko awe diwani kwa sababu aliahidi kuwajengea daraja mtoni. Miaka ikapita, daraja likabaki maneno matupu, na watoto wao wakazidi kuzama wakivuka. Kampeni zilipoanza tena, Kiboko alisimama kifua mbele.

“Ndugu zangu, semeni ukweli. Ni msiba wa nani hapa nimewahi kuukosa?”

Wengi wakapiga makofi. Mama Digidigi, aliyemzika mwanawe juzi, alishindwa kuvumilia.

“Hujakosa hata mmoja, mheshimiwa. Kwangu ulilia kumshinda baba mtoto. Lakini wanetu wote uliowazika walizama palepale ulipotuahidi daraja. Sasa tunataka diwani ambaye hatutamzoea makaburini.”

Kiboko, kwa mazoea, akaanza kulia. Safari hii hakuna aliyempa pole.