Mama Kanga na Mwanga Wake

Sogeeni wajukuu zangu, niwape ya Mama Kanga. Kwa kumwogopa Kicheche, mla vifaranga, alijaza vimulimuli mlango mzima, wakawaka kucha.

Jirani yake Bundi, aliyezoea kumfukuza Kicheche gizani, akaja kafumba macho. "Shoga, unanipofusha! Muache mmoja tu, amulike chini. Anatosha, wengine wapumzike."

"Nenda zako, nuksi we! Mlango wangu, mwanga wangu."

Bundi akahama.

Usiku ule Kanga akasikia mtu anahema nje. Akatoa macho, lakini ng'ambo ya ule mwanga ni giza tupu.

"Nani huyo?"

"Usihangaike, mama," sauti ikajibu taratibu. "Mimi nakuona vizuri. Na wanao nawaona, hata huyo uliyemficha chini ya bawa."