Mafuta Bado Safi

Mafuta yalishuka kutoka kwenye injini yakiwa na rangi ya asali, na Umaru akajua kwamba wamekwisha.

Mafuta machafu hayamtishi fundi yeyote. Haya yalikuwa safi kuliko yale ambayo mkewe Madinah alikaangia maharage, siku alizoyapata, maana mwaka ule wa 1977 mafuta ya kula yalikuwa yakitafutwa kwa tochi mjini Arua. Umaru mwenyewe ndiye aliyeyatia kwenye Peugeot hii Ijumaa iliyopita. Na Ijumaa ya kabla yake alitia mengine. Hakuna gari duniani linalobadilishwa mafuta kila Ijumaa, hata likienda Koboko na kurudi kila siku.

Alikuwa amesimama ndani ya shimo la gereji, gari likiwa juu ya kichwa chake. Mwisho wa shimo palikuwa na pipa la mafuta machafu. Nyuma ya pipa palikuwa na kijipango, na humo alijikunja Nasur, kaka yake Madinah, ameibana pumzi.

Nasur alikuwa dereva wa lori la jeshi. Usiku mmoja alibebeshwa watu, akaambiwa asiwatazame, naye akawatazama. Alipoamriwa kuendesha tena, aliacha ufunguo kwenye lori akatoroka. Tangu hapo wanajeshi walimtafuta nyumba kwa nyumba, hadi kwa shangazi yake kule Dranya, ambako hawakupata mtu wakaondoka na mbuzi.

"Fundi," sauti ilitoka juu. "Mbona umenyamaza?"

Ilikuwa sauti ya Kapteni Wani, wa kambi ileile aliyotoroka Nasur.

"Hii mafuta iko safi bado, afande. Kwa barabara yetu, ukibadilisha kila miezi tatu inatosha."

"Kitabu ya gari inasema sita."

"Kitabu walichapa Ulaya, afande. Kule vumbi hakuna."

"Basi kama huku vumbi iko, mwaga."

Umaru akayaacha yamwagike yote, moyo ukimuuma kwa mali ile.

Mkubwa wa jeshi hapeleki gari gereji. Anamtuma dereva, yeye anabaki anakunywa chai. Huyu alikuja mwenyewe, peke yake, na siku hizi hata bastola hakuwa nayo kiunoni. Kiti alicholetewa hakukikalia. Alichuchumaa ukingoni mwa shimo, akilipima kwa macho kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Mvua ikinyesha, maji inaingia humu?"

"Kidogo tu, afande."

"Na mutu akiwa chini hapo, anasikia gari ikija barabarani?"

Umaru alijibu kwamba yeye akiwa kazini hasikii kitu, anasikiliza nati tu. Lilikuwa jibu la kipumbavu na alilijua. Kapteni aligeuka akatazama barabara, kisha akatazama sahani mbili za muhogo ambazo Madinah alikuwa amemletea fundi mmoja. Aliingia garini akaondoka.

"Amejua," Madinah alisema jioni ile, machozi yakimtoka. "Kama amejua, si amkamate tu! Anatutesa kwa nini?"

"Anataka atupate wote pamoja," Umaru alisema.

Lokule, mchuuzi wa kahawa ya magendo, alikuwa ameahidi kumvusha Nasur hadi Kongo kwa njia za porini. Lakini Lokule alisema Jumamosi, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Kwa hiyo ilibaki Ijumaa moja ya kupita salama. Umaru aliihofia Ijumaa hiyo mpaka chakula kikamshinda.

Ilipofika, alisukuma pikapu bovu lisilo na injini akalifunika shimo nalo. Msikitini hakwenda, na aliona aibu mbele ya Mungu, lakini angewezaje kuiacha gereji? Mji ulitulia, watu wako kwenye swala. Ndipo Kapteni Wani akatokea.

Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, amevaa shati la kiraia, kopo kubwa la mafuta mkononi.

"Badilisha mafuta," alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Gari iko wapi, afande?"

"Iko mbali."

"Sasa tutabadilisha ya nini?"

Kapteni alipita ubavuni mwa pikapu, akainama kwenye upenyo uliobaki wazi, akaketi ukingoni akichungulia chini. Kutoka upande wa soko ilisikika Land Rover ya jeshi, inakuja polepole, inasimama kwenye kila nyumba.

Umaru aliokota spana ya magurudumu ya lori. Hakuwa amempiga mtu maishani mwake. Alimwogopa Mungu na alimwogopa huyu kapteni, lakini zaidi ya wote aliogopa uso wa Madinah kesho, Nasur akiwa hayupo. Akanyata hadi nyuma ya kisogo kile, akainua mkono.

Wani alikuwa anavua viatu. Aliteremsha miguu shimoni, kisha akalishusha kopo taratibu. Halikuwa na mafuta. Lilijaa muhogo uliochemshwa, wa kuwatosha watu wawili.

"Nasur," aliita kwa sauti ya chini kuelekea kwenye pipa. "Sogea kidogo, ndugu yangu. Leo wanatafuta mimi."