Kifuniko cha Buli

Memsahibu alikitua mezani kifuniko cha kutunza joto la buli, mbele ya wanawake wa darasa la kufuma pale Nachingwea. "Nimekibuni mwenyewe. Hata anayeanza leo atakiweza!"

Kilikuwa kichwa cha mwanamke, kimefumwa kwa sufu nyeusi. Mdomo wa juu ulijazwa pamba ukatokeza mbele, na kifungo kikubwa kimeshonewa hapo badala ya ndonya, kile kigingi cha mti wanachovaa mdomoni wanawake wa huko.

Lusia, mmoja wa wanafunzi, alikisogelea.

"Mama yangu amevaa ndonya," alisema.

Memsahibu akacheka, akapiga makofi. "Basi wewe utamfuma vizuri kuliko wote!"

Wenzake waliinamisha macho. Lusia akaushika uzi uliochomoza utosini, akavuta, na kichwa kikaanza kufumuka.