Watazamaji Tisa

Mwalimu mstaafu Kuramochi aliweka mtandaoni video ya somo lake la hesabu, akaiita "Kugawanya Sehemu." Mwezi mzima ikatazamwa na watu tisa. Binti yake, Sayo, akabadili jina tu: "Wazazi Wajinga Hawalijui Hili!" Kwa siku tatu watazamaji wakafika elfu sitini.

"Kumbe ukiwatukana ndiyo wanakuja mbio," mzee akasema, akasonya.

Akafuta ubao, akaitupa chaki sakafuni, akawasha kamera na kukaa kimya dakika kumi. Video hiyo akaiita "Siri Wanayoficha Walimu."

Kesho yake Sayo akamsomea maoni. "Asante mwalimu, umenifungua macho." "Hii ndiyo elimu!"

"Mazuzu," mzee akasema. "Endelea."

Sayo akasoma: "Mwalimu, mbona ubao hauna kitu? Unaumwa? Mimi na mwanangu tunasubiri somo la pili."

 Mzee akapiga magoti, akaanza kuitafuta chaki.