Karatasi ya Mukuka

Hata mama yake mwenyewe hakumuulizaka Ngosa maulizo mengi vile.

Alikuwa amesimama mu nyumba ya jirani yake Mukuka, ku cité ya bantu beusi, Élisabethville, anasoma karatasi ya ndeke. Jina ya baba. Jina ya mama. Chef ya mugini. Nani anakuyaka kukusalimia ku nyumba, majina yabo yote.

"Maulizo kumi na munane!" akasema. "Bwana yangu ya kazi alipanda ndeke mwaka jana. Balimuuliza jina na kilo tu. Miye njo nilibeba malle yake, nilisikia."

"Kwangu njo vile," Mukuka akajibu. "Bakubwa ya Léopoldville banalipa ticket. Banasema niende stage, kujifunza kazi, wiki tatu."

Stage! Wivu ikamukamata Ngosa. Huyu Mukuka, kazi yake ni kuandikia bantu ya mine ya shaba barua za kulalamika, na sasa bazungu banataka kujua mpaka barafiki yake! Miye, hata kilo yangu hakuna muntu anajua. Na angalia Mwaba, bibi yake, vile anapiga pasi veste ya safari, polepole, sawa ya gouverneur.

"Mukuka, weye uko muntu ya kabila ya mbuzi," Ngosa akasema. "Miye ya chui. Tuko banungwe, ao hapana?"

"Tuko."

Bunungwe bote banaijua. Munungwe yako anaweza kukamata kuku yako, ngubo yako, na weye unacheka tu. Ukikasirika, ni haya. Na siku utakufa, yeye njo anabebaka maiti yako.

"Basi, chui amekula mbuzi!"

Akabeba veste. Akabeba karatasi na ticket. Akabeba buku ya identité, na picha yake ndani. Akangojea kelele.

Mukuka akaangalia bibi yake. Mwaba akaweka pasi chini. Kisha Mukuka akacheka mpaka machozi ikatoka.

"Ee, munungwe, umenimaliza! Beba na kravate, iko ku musumari."

Hata kucheka kwake kulimuuma Ngosa. Muntu gani anacheka wakati banamunyanganya ndeke?

Lundi asubui, ku uwanja ya ndeke, bakamupandisha ku balance ya kupima kilo.

"Soixante-deux," muzungu akasema, akaandika. Akaangalia picha, akaangalia kravate, akapiga cachet. Kwake bantu beusi bote balikuwa sura moja.

Kilo makumi sita na mbili! Mu ndeke Ngosa hakulala, hakukula. Alikuwa anawaza tu Mukuka, kule chini, mudogo sawa mududu.

Ku Léopoldville, muzungu moja akaita karibu na ngazi: "Mukuka Albert?"

"Njo miye!" Ngosa akainua mukono juu, bote bamuone.

Bapolisi babili bakaukamata ule mukono, bakaufunga menotte, pingu ya chuma.

"Barua zako zote tulisoma," muzungu akasema. "Sasa tuambie majina ya barafiki."

Ile saa, pale Kipushi, Mukuka alikuwa anasukuma kinga, baiskeli yake, ku njia ya kukimbilia Rhodésie, ngambo ya mupaka, Mwaba nyuma na mizigo.

"Na Ngosa?" Mwaba akauliza.

"Chui amekula mbuzi," Mukuka akasema. "Acha ashibe."